Maelezo ya Ajali ya Rola ya Pili

4 Juni

Kidevu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa na adabu ya kuandika kwanza. Simu sikupigii tena. Mara ya mwisho uliipokea ukiwa katikati ya mashine zako, ikabidi nipige kelele, na chumba kizima cha walimu kikajua kuwa Mama ana kidonda mguuni na kwamba hataki kuosha. Barua ni salama zaidi. Dereva wa nguo wa kiwanda chenu cha kufulia anapita hapa shuleni mara mbili tatu kwa wiki kuchukua shuka chafu na kuleta safi. Mpe chochote, atakitia mfukoni.

Sasa shida yangu. Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Mkuu wetu wa shule hali wala halali. Amepaka chokaa mawe ya njiani, ameficha madawati mabovu nyuma ya stoo, na leo ameanza kuulizia shuka za mabweni, ambazo dereva anasema bado ziko kwenye foleni huko kiwandani kwenu. Asubuhi alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu: "Si mdogo wako ndiye msimamizi wa zamu huko? Hebu mwambie." Nami nikajibu kwa sauti, hilo dogo sana, mkuu. Kwa hiyo usiniaibishe. Fanya ufanyavyo, shuka zifike Alhamisi, zimepigwa pasi na kukunjwa. Nakuomba kama dada, na kama mtu aliyekuandikia barua ya kuomba kazi hiyo hiyo.

Wiki hii nafundisha viunganishi, Kidato cha Pili, na wakaguzi watakaa nyuma ya darasa langu. Unavikumbuka? And, but, because, although. Ulivichukia. Ulikuwa unaandika sentensi fupi fupi, unaziacha zimetawanyika kama soksi, na mimi ndiye niliyekuwa nazikusanya kabla mwalimu wako hajaziona. Jana nimewapa zoezi la because, yaani "kwa sababu". Kijana mmoja kaandika, kwa Kiingereza kisicho na kosa: "Ninampenda mama yangu kwa sababu chakula kimeiva." Nimempa alama zote, na nimecheka mpaka machozi.

Msalimie wifi yangu na tumbo lake. Mwambie apunguze ngazi.

Dada

*

7 Juni

Dada, shikamoo.

Shuka zenu hizo, dereva anazo. Zimekunjwa. Kama kuna iliyopungua usimgombeze yeye.

Sina nafasi ya kuandika zaidi. Mama hajambo, wifi yako hajambo.

Kidevu

*

11 Juni

Kidevu wangu,

Umeniheshimisha. Mkaguzi mkuu aliingia bwenini, akagusa kitanda kwa kidole, akasema hajaona shuka zilizonyooka hivi hata hotelini. Mkuu wetu akanitazama mimi. Nikajifanya naangalia dirisha.

Na somo langu, usiulize. Vijana waliunganisha sentensi kama watu walioahidiwa zawadi. Mkaguzi mmoja akaniambia baadaye, "Mwalimu, wewe una kipaji cha kuona palipokosekana neno." Maneno hayo nimetembea nayo siku tatu, nayatoa nayatazama na kuyarudisha.

Tatizo ni moja tu. Bweni la tatu imepungua shuka moja. Matroni kahesabu, karudia, kanuna. Nimemwambia labda msimamizi ameitamani kwa ajili ya mtoto anayekuja. Ukiiona irudishe, usinifanye dada wa mwizi.

Mbona barua yako ilikuwa kavu vile? Umenikasirikia kwa kukuharakisha? Niambie, mimi si mgeni.

Dada

*

16 Juni

Dada, shikamoo.

Sijakukasirikia. Siku zile tulipata ajali hapa.

Kuna mama mmoja wa zamu yangu, tunamwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake. Kazi yake ni kulisha shuka kwenye rola ya pili. Rola ni mapipa ya chuma cha moto yanayozunguka. Shuka inaingia huku imekunjamana, inatoka kule imenyooka. Mkono wake wa kulia uliingia pamoja na shuka. Nisamehe, siwezi kueleza zaidi ya hapo. Yuko hospitali.

Ofisi inataka maelezo ya ajali kutoka kwa msimamizi, tena kwa Kiingereza, maana watu wa bima hawasomi Kiswahili. Mimi Kiingereza changu unakijua. Nimeandika hivi:

Ilikuwa mchana. Kazi zilikuwa nyingi. Mama Pacha alikuwa analisha rola ya pili. Sheria inataka mikono ibaki nyuma ya kinga. Mkono wake ulipita kinga. Rola haikusimama. Tulizima umeme. Tulimpeleka hospitali.

Kinga ni fito ndefu iliyowekwa mbele ya rola. Ikiguswa hata na kidole, mashine inatakiwa isimame. Nakueleza ili upate jina lake la Kiingereza.

Nakuomba uzitafsiri sentensi zangu na uziunganishe, zisomeke kama za mtu aliyekwenda shule. Wewe unajua. Wanayataka wiki hii. Mama usimwambie kitu.

Kidevu

*

19 Juni

Kidevu,

Pole, na pole kwake huyo mama. Nimesoma barua yako nikajishika vidole. Ana watoto wadogo? Mpelekee salamu zangu ingawa hanijui.

Maelezo haya hapa, nimeyatia kwenye bahasha ndogo. Ngoja nikwambie nilivyofanya, ili meneja akikuuliza usibabaike.

Sentensi zako zilikuwa zimesimama kila moja na lwake, hazisalimiani. Nilianza na although: ingawa sheria inataka mikono ibaki nyuma ya kinga, mfanyakazi aliupitisha mkono wake. Wewe uliandika kwamba mkono "ulipita", lakini mkono haujipeleki wenyewe, kwa hiyo nimeupa mwenyewe. Halafu ikahitajika sababu ya kuupitisha. Nikaitazama ile sentensi yako ya kazi nyingi, nikaiunga hapo kwa because: alifanya hivyo kwa sababu kazi zilikuwa nyingi na alikuwa na haraka. Imeingia barabara.

Iliyonisumbua ni "Rola haikusimama". Ilikaa peke yake katikati, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Haikusimama kwa nini? Hukusema. Mtu wa bima akikuta pengo kama hilo ataanza maswali. Nimeandika hivi: na ingawa kinga iliguswa, jambo lilitokea ghafla mno, hivyo rola haikuwahi kusimama. Sasa inateremka vizuri, unaweza kuisoma kwa pumzi moja.

Kama sivyo ilivyokuwa, rekebisha kabla ya kutia sahihi. Mimi sikuwepo.

Dada

*

23 Juni

Dada, shikamoo.

Maelezo yamepita. Meneja alisema hajapata kuona msimamizi anayeandika hivyo, akauliza nilisoma wapi. Nikamwambia nyumbani.

Asante sana. Kidonda cha Mama kinakauka. Tafadhali tusiiandike tena habari ya ajali.

Kidevu

*

12 Julai

Mwalimu, shikamoo.

Hunifahamu. Mimi nafanya kazi, au niseme nilikuwa nafanya, kwenye kiwanda cha kufulia alipo mdogo wako. Wananiita Mama Pacha. Mwandiko huu ni wa mmoja wa mabinti zangu. Mimi namtajia, mwenzake anachungulia begani kama ameandika nilichosema, na wameshagombana tangu tuanze. Mkono wangu wa kuandikia ndio ulioingia kwenye rola.

Mdogo wako alikuwa anatutambia siku zote kazini: dada yangu anafundisha Kiingereza, hakuna sentensi inayomshinda. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Yeye sijamwambia. Alikuja hospitali siku moja, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akauweka chini, akaondoka bila kukaa. Nadhani anaona aibu kwa niaba ya ofisi.

Nimeletewa karatasi za Kiingereza. Nilivyoambiwa kwa mdomo ni kwamba ajali ni uzembe wangu, kwa hiyo kiwanda hakiendelei kunitibu na kazini nisirudi. Daktari alisema vidole viwili vinaweza kukunjika tena nikipasuliwa mara nyingine, lakini sasa nani atanipasua. Kamati inakaa tarehe 26 na nimeruhusiwa kujibu.

Karatasi yenyewe ni maelezo ya ajali. Binti zangu wamekaa nayo na kamusi, wakatafuta neno moja moja. Maneno wanayapata, ila yakikaa pamoja hawajui yanasema nini. Nikawaambia basi nitafutieni kitambaa. Kwa sababu Mwalimu, siku ile kinga ilikuwa imefungwa kwa kitambaa isisogee. Kazi zikizidi hufungwa, sote tunajua. Isipofungwa, kila shuka ikijikunja inaigusa, rola inasimama, na kazi haiendi. Mdogo wako alichana ukingo wa shuka mbovu, akaifunga mwenyewe, akaniambia, "Twende Mama Pacha, hizi zina watu wanazisubiri." Nikaenda. Mabinti wamepitia karatasi yote, juu mpaka chini. Kitambaa hakimo.

Sahihi ni yake. Lakini Kiingereza kile si chake, tunamjua. Aliyemwandikia ni mtu aliyesoma hasa, labda wakili wa kampuni. Nimeona wewe ni dada yake, utaweza kumwuliza kwa upole kwa nini alikubali kutia sahihi maneno ya watu.

Nakuomba unisomee, uniambie kwa Kiswahili wamesema nini juu yangu, kisha unisaidie kujibu. Nimetia nakala. Samahani kwa usumbufu, najua walimu mna kazi.

Mama Pacha

*

16 Julai

Kidevu,

Mama Pacha ameniandikia. Mimi. Ananiomba nimsomee yale maelezo, kisha nimsaidie kuyajibu. Anasema aliyeyatunga ni mtu aliyesoma hasa. Nilifika hapo nikiwa nimesimama mbele ya darasa, vijana wanafanya zoezi, ikabidi nikae.

Ulifunga kinga kwa kitambaa. Kweli au si kweli? Usinizungushe.

Nilikwambia kama sivyo ilivyokuwa urekebishe. Ulisoma ukaona nimeandika "ghafla mno", ukajua si kweli, ukaona imekufaa, ukatia sahihi. Na mimi je? Nani alinituma kumtia haraka mwanamke nisiyemjua? Hata hukuniambia alikuwa na haraka. Niliitoa kichwani kwa sababu sentensi ilikuwa inaidai. Nilifurahi nilipoipata, Kidevu. Niliinuka nikajitengenezea chai. Naona haya mpaka masikio yanawaka.

Mpe dereva jibu siku akipita. Asirudi kwangu mikono mitupu.

Dada

*

19 Julai

Dada, shikamoo.

Kweli. Nilifunga.

Zile sentensi nilizokuletea, hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Niliziacha na pengo kwa makusudi. Nilijua wewe huwezi kuona pengo ukalipita. Ulipoliziba nikajiambia, haya, si mimi niliyesema, amesema Dada. Nilitia sahihi haraka kabla sijaisoma mara ya pili.

Hospitali nilikwenda nikashindwa kuingia. Alikuwa anawachekesha wagonjwa wenzake. Aliponiona akaniita, "Msimamizi, njoo ukae." Niliyaweka machungwa chini nikaondoka.

Lakini nisikilize. Nyumba hii ni ya kazi. Nikisema nilifunga, tunatoka. Mama ataenda wapi na mguu ule? Wifi yako amejifungua juzi, mtoto wa kike, hata jina hatujampa. Nilikuwa nikuandikie habari hiyo kwa furaha, na tazama ninavyokuandikia. Na si mimi peke yangu ninayefunga, Dada. Wasimamizi wote wanafunga, meneja anapita anaona, anatazama pembeni. Sasa amekataza vitambaa kwa mdomo, hakuna karatasi.

Kuna jingine ambalo sikutaka ulijue, na ningekuwa mtu mzima wa akili ningelinyamazia. Shuka zilizokuwa kwenye rola ni zenu. Zamu ya shuka hizo kufuliwa ilikuwa wiki iliyofuata. Nilizitoa kwenye foleni kwa ajili ya barua yako. Ile iliyopungua bweni la tatu ndiyo tuliyomfungia mkono kumpeleka hospitali.

Mjibu lolote. Mwambie hukuielewa karatasi. Mwambie una mitihani ya kusahihisha. Nakuomba, Dada, kwa jina la mtoto ambaye hana jina.

Kidevu

*

21 Julai

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto. Nimelia nilipofika mahali pake katika barua yako, na sijui nililia kwa lipi.

Nikwambie nilichofanya. Nilimwandikia Mama Pacha kama ulivyotaka. Barua ya upole kabisa: nina mitihani, karatasi ina lugha ya kisheria, amtafute mtu wa sheria, nampa pole. Hakuna aliyewahi kumkwepa mtu kwa lugha nzuri kama ile. Nikaifunga, nikampa dereva, akaitia mfukoni. Nikarudi chumba cha walimu nikaketi. Gari lilipowashwa nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi, mlinzi wa geti akacheka mpaka akashika kiuno. Nilimnyang'anya barua ile dereva kupitia dirishani. Usidhani ni wema. Niliwaza tu wale mabinti wakiifungua kamusi kuyatafuta maneno yangu tena.

Kuhusu shuka, hilo limenipata penyewe. Nilijitamba mbele ya walimu kwamba ni jambo dogo, na wewe ukanilipia tambo langu kwa mkono wa mtu. Hilo ni langu, sikutupii wewe. Lakini sikukwambia ufunge kinga, nawe hukuniambia umeifunga, na tukiendelea kugawana hivi, wewe chukua hiki mimi nichukue kile, tutamgawia na yeye. Tayari tulishamgawia.

Kwa hiyo leo namwandikia yote. Kamati nayo naiandikia kwamba maelezo yale niliyatunga mimi, mtu ambaye hakuwepo, na kwamba haraka na "ghafla" ni vyangu. Kitambaa sitakitaja, maana sikukiona kwa macho yangu. Hicho ni chako. Uende tarehe 26 au usiende, ni juu yako, ila sitakuandikia hata neno moja.

Mama, wifi na mtoto waje kwangu. Wewe pia. Nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili, tutabanana. Nimeshamwomba matroni kitanda, na amenipa bila kununa.

Dada

*

21 Julai

Mama Pacha,

Marahaba. Umeniomba nikusomee, na nianze na hilo.

Karatasi inasema ulijua sheria ukaivunja. Inasema uliupitisha mkono wako mwenyewe kwa sababu ulikuwa na haraka. Inasema kinga iliguswa, ila mambo yalitokea ghafla mno, mashine haikuwahi kusimama. Haisemi popote kwamba kinga ilifungwa. Na yote hayo imeyasema kwa adabu, ndiyo maana wameiamini.

Huyo mtu aliyesoma hasa ni mimi. Mdogo wangu aliniletea sentensi fupi za Kiswahili, nikazigeuza Kiingereza na kuziunganisha. Mahali pasipokuwa na sababu nikaweka sababu. Sikuwa nimekuona, sikuwa nimeiona rola, na sikuuliza. Nilitaka isomeke vizuri. Habari za kitambaa nilizijua kwako kwanza. Nilipomwuliza akakubali kwamba alifunga. Hilo atalisema mwenyewe kwenye kamati au hatalisema. Mimi nimeiandikia kamati yaliyo yangu.

Kuna na jingine. Shuka zile zilikuwa za shule yetu. Mimi ndiye niliyezihimiza, ili nisifiwe mbele ya wakaguzi, na nilisifiwa.

Jibu lako liko kwenye bahasha ya pili. Nimeliandika ulivyosema wewe, sikuongeza wala sikupunguza. Mabinti walikague. Kitambaa ni cloth, kimo mstari wa tatu. Kama hutaki kazi ya mkono wangu, na sitashangaa, mpe mtu mwingine aliandike upya. Muda bado upo.

Nilikuandikia kwanza barua nyingine ya kukukwepa. Sikuituma, lakini niliiandika, na sioni haki ya kukuficha hata hiyo.

Nakuomba msamaha.

Dada yake msimamizi

*

4 Agosti

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako ilisomwa hapa nyumbani kwa shida. Binti yangu alifika mahali akaiweka chini, mwenzake akaichukua akamalizia. Mimi nilisema ichomwe. Wao wakaificha, na sasa wanaogopa kuniambia walikoificha. Bahasha ya pili nilimpelekea fundi saa wa mtaani kwetu, aliwahi kuwa karani, akasoma akasema jibu liko kama nilivyosema. Hapo ndipo nikalipeleka.

Najua mdogo wako amekusimulia ya kamati, lakini nataka uyasikie kwangu. Alikuja. Mimi sikumtegemea. Alikuwa na karatasi yake ya Kiingereza, aliyoiandika mwenyewe, akaisoma neno kwa neno. Mjumbe mmoja alikuwa anacheka, mwingine anamsahihisha kila anapokosea, naye anasema asante, anarudia. Akasema amefunga kinga, akasema kwa kitambaa, akasema Mama Pacha hakukosa. Wakamwuliza kwa nini alifunga. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mdogo wako akasema kazi zilikuwa nyingi, basi. Shule yenu hakuitaja. Barua yako nayo ikasomwa.

Matibabu yamerudishwa, nitapasuliwa mwezi ujao. Kazini nimerudi, nimewekwa meza ya kukunjia, nakunja kwa mkono mmoja na kidevu changu. Mdogo wako wamemwachisha kazi. Siku waliyohama nilimwona mama yenu akipandishwa kwenye gari la nguo, mguu umenyooshwa juu ya mafurushi, anagombana na dereva. Mke wa mdogo wako alikuwa amembeba mtoto, akaniamkia. Nilidhani siku hiyo ningefurahi. Sikufurahi, na hilo nalo limeniudhi.

Mabinti wanasema wewe ni mtu mwema kwa sababu ulisema. Wananisumbua nikujibu, nikusamehe, yaishe. Mimi sina haraka hiyo. Msamaha siuoni moyoni, na wa mdomoni sitaki kukupa, maana ndio huo huo wa lugha nzuri.

Nina swali. Uliandika kwamba habari za kitambaa ulizijua kwangu kwanza. Nimelifikiria hilo kila nikikunja. Sasa niambie: kama ni mdogo wako angekwambia, mkiwa ninyi wawili tu, na mimi sijakuandikia kitu, ungesema?

Mama Pacha

*

8 Agosti

Mama Pacha,

Swali lako nimelijibu mara nyingi tangu dereva aniletee. Kila jibu lilianza na ndiyo, na kila ndiyo ilihitaji maelezo marefu nyuma yake, nikayachana yote. Mama yangu ameniuliza naandika nini tangu asubuhi. Mdogo wangu hakuuliza. Alimchukua mtoto akatoka naye nje.

Ningekuonea huruma, hilo nina hakika nalo. Ningemwambia mdogo wangu akuletee machungwa mengine na safari hii aingie ndani. Ningekosa raha wiki kadhaa, kisha mitihani ingeanza.

Nisingesema.

Mwalimu